Upande wa Kulia wa Ulimi

4 Februari

Mdogo wangu Kijiko,

Nakuandikia barua kama babu zetu kwa sababu simu yako imekuwa pambo. Napiga, inaita mpaka inachoka. Shemeji akipokea ananiambia uko bafuni. Mtu gani anaoga hivyo? Mama naye analalamika kwamba siku hizi unamtumia maandishi tu, hata salamu unaandika. Kama nimekukosea, sema. Kama simu ni mbovu, nunua nyingine.

Sasa nikueleze kilichonileta. Hapa hospitalini tumeletewa utaratibu mpya. Mgonjwa akishatolewa jino au kufanyiwa upasuaji wowote wa kinywa, baada ya wiki chache muuguzi mkuu anampigia na kumuuliza: unakula? Unalala? Pameuma kiasi gani? Ungejua ilivyo, ungekubali tena? Majibu yanageuzwa alama, na kila daktari anapewa zake. Zimetoka juzi. Mimi ninayeletewa magego yaliyowashinda wengine nimekuwa wa mwisho. Wa kwanza ni Konokono.

Unamkumbuka Konokono, yule mwenzangu mwenye kipara aliyekuja kwenye msiba wa baba akakaa pembeni. Jino ninalolitoa mimi kabla chai yangu haijapoa, yeye huling'ang'ania mpaka wauguzi wanabadilishana zamu. Kila mara anasimama, anamwinamia mgonjwa na kumuuliza, "Bado tuko pamoja?" Utadhani ni kondakta. Nilimwambia mbele ya wenzetu, "Bwana, wewe unapewa alama za maongezi. Wangekwenda kwa kinyozi wangeyapata hayo hayo." Akacheka tu.

Nilipomfuata muuguzi mkuu aliniambia, "Daktari, mkono wako hauna mpinzani hapa. Mimi naandika wanachonieleza wao." Nikamjibu kwamba wao hawaoni ndani ya vinywa vyao.

Uongozi unataka alama hizi zihesabiwe wakati wa kumteua mkuu wa idara. Tarehe 28 Machi kuna mkutano wa madaktari wote na wanafunzi, nami nimepewa nafasi ya kuzungumza. Nitawaonyesha filamu ya gego lako, ile iliyorekodiwa nilipokutoa mwezi Oktoba. Kijiko, ile ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Gego la mwisho, limelala ubavu, mizizi imejikunja, na limetoka bila kuvunjika. Wewe hukuulizwa na muuguzi kwa sababu hukuandikishwa. Nilikupitisha mlango wa nyuma usije ukazeekea kwenye foleni. Ndiyo maana nataka sentensi mbili tu kutoka kwako, niziweke chini ya picha. Waone kwamba pale mkono unapokuwa mkono, mgonjwa hana la kusema.

Wanafunzi bado wanakupenda. Pale unapoinua mkono katikati ya kazi, nami nasema, "Msimjali, anawasalimia." Nimeionyesha kwa madarasa matatu na hakuna ambaye hakucheka.

Msalimie shemeji.

Kaka yako

*

15 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Pole na hizo alama. Simu yangu ina matatizo ya sauti, fundi ameshindwa, kwa hiyo tuandikiane tu. Nimegundua napenda barua. Mtu anapata nafasi ya kufuta.

Sisi hatujambo. Shemeji yako amebadilishiwa ofisi, sasa anakaa karibu na dirisha na amekuwa mtabiri wa mvua. Kazini kwangu ni msimu wa chai nyingi. Safu ya vikombe inaanzia mlangoni hadi ukutani, sisi waonjaji tunavuta na kutema tangu asubuhi. Mzee wa Vikombe, mkuu wetu wa meza ya kuonja, hajapunguza ukali.

Kuhusu sentensi mbili: jeraha limefunga vizuri. Gego halinisumbui tena. Zote mbili ni za kweli. Lakini jina langu usilitaje, na kama una mgonjwa mwingine wa kumwonyesha, ningefurahi zaidi. Mimi si mtu wa kuonyeshwa.

Kuna jambo moja la kando. Mfanyakazi mwenzangu alitolewa gego zamani kidogo, si kwenu, na anasema ganzi haijamtoka vizuri kwenye ulimi. Anauliza kama hilo ni la kawaida na kama huwa linaisha. Nilimwambia nitakuuliza kwa kuwa nina daktari nyumbani.

Mdogo wako,
Kijiko

*

22 Februari

Kijiko wangu,

Marahaba. Sentensi zako ni dhahabu. Nimeziweka kwa herufi kubwa chini ya picha ya gego, na nimeandika "mgonjwa, mwanamke" basi. Usiwe na haya. Ungejua ninavyojivunia kinywa kile!

Huyo mwenzako mwambie atulie. Ganzi ya ulimi baada ya gego la chini hutokea kwa wachache, na kwa wengi wao huondoka yenyewe. Wapo wanaolalamika miezi na miezi, lakini wengi wa hao, kwa uzoefu wangu, wanatia chumvi. Wanajichunguza mno. Mtu akikaa kutwa anaugusagusa ulimi wake kwa meno, atakosa kusikia hata kilichopo. Mwambie aache kujipima, na aliyemtoa jino asimsumbue kwa simu. Tunasumbuliwa sana na watu wa namna hiyo. Bila shaka ndio walionishusha.

Mama kaniambia umepungua. Hongera! Mimi nimeshindwa.

Jana Konokono alinikuta kwenye ngazi akaniuliza, "Yule dada yako wa kwenye filamu, aliendeleaje?" Nikamwambia, "Konokono, hujui swali jingine?" Tukacheka wote wawili. Nikamwonyesha sentensi zako kwenye simu. Alizisoma, akazisoma tena, akasema, "Sawa." Wivu huo.

Kaka yako

*

8 Machi

Kaka,

Shikamoo.

Hakuna mfanyakazi mwenzangu. Ni mimi.

Tangu Oktoba uliponitoa gego, nusu ya kulia ya ulimi wangu haijaamka. Naijua kwa kuitazama kwenye kioo. Naing'ata wakati wa kula na sina habari mpaka nione damu kwenye kijiko. Shemeji yako amebuni ishara: tukiwa na wageni, akigusa meno yake ya mbele, najua yangu yana damu, natoka mezani. Kupungua kwangu mnakonipongezea ndiko huko. Na sauti ya s inanitoka imelowa, ndiyo maana sipokei simu. Wewe ungenisikia neno moja tu ungejua.

Nilinyamaza kwa aibu. Ulinifanyia bure. Ulinipitisha mbele ya watu waliokaa kwenye benchi tangu alfajiri, nami nilipita nimeinua shingo. Mama akatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe kamtibu mwanawe. Aliyepewa zawadi ya namna hiyo anaanzia wapi kusema kwamba imemuumiza? Kila nilipokaa kuandika niliona uso wako ulivyokuwa siku ile, umevua barakoa, unatokwa jasho, unacheka. Nikaandika habari za mvua.

Jumanne yamenikuta kazini. Mzee wa Vikombe ana mtego wake: kwenye safu anaweka chai moja mara mbili, sehemu mbili tofauti, aone kama mwonjaji atazipa daraja moja. Mtego huo hakuna asiyeujua. Mimi mwenyewe nimewatega wanafunzi nao kwa miaka. Nilivuta kijiko cha mwanzo wa safu, nikatema, nikasema, "Kali, changamfu, daraja la juu." Karibu na ukuta nikavuta kingine nikasema, "Hii imelala. Haina uhai." Mzee akaja akasimama ubavuni mwangu, akasema taratibu ili wengine wasisikie, na kila mtu akasikia: "Kijiko, hii na ile ni chai moja."

Nikasema nina mafua.

"Mafua ya tangu lini, binti yangu?"

Kwa miezi nimekuwa nikiisukuma chai upande wa kushoto, naitazama rangi, mengine nabuni. Kwenye kikombe kile nilichoka nikasahau kuisukuma. Nilitamani ardhi ipasuke. Na sijui ni chai za wakulima wangapi nimezishusha daraja bila kosa lao. Hilo nalala nalo, naamka nalo.

Sasa kuhusu mkono. Uliniambia nikisikia chochote niinue mkono wa kushoto. Nilisikia umeme umenipiga kutoka kwenye gego hadi ncha ya ulimi, nikainua. Ukasema nawasalimia, wakacheka. Nikaushusha haraka. Niliona haya, Kaka. Nilidhani nimekuaibisha mbele ya wanafunzi wako.

Naomba uzitoe sentensi zangu.

Kijiko

*

14 Machi

Kijiko,

Barua imefika. Niliisoma ofisini, nikafunga mlango.

Kwanza la kitaalamu. Umeme ule ni mshipa wa fahamu wa ulimi. Unapita jirani kabisa na gego la chini, na kwa watu wengine umeegemea mfupa wenyewe. Nimeitazama filamu yote tangu mwanzo, nikiisimamisha kila hatua, nikitafuta nilipokosea. Sikupaona. Nilipokata ndipo pa kukata. Mlete bingwa yeyote aitazame, atakwambia hivyo hivyo. Jambo hili hutokea hata kwa mikono iliyo bora kabisa, na ni haki nikwambie hivyo ili usidhani palikuwa na uzembe.

La pili. Kwa nini hukuniambia? Mshipa ulioumia unaweza kushonwa, lakini miezi ya mwanzo ndiyo yenye matumaini, na kila mwezi unaopita unapunguza. Ungesema Novemba tungekuwa mahali pengine. Umekaa kimya kama maji mtungini, unaniandikia habari za madirisha, kisha unaniletea kisa cha mwenzako kazini! Wewe ni mtu mzima. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Njoo Jumatatu nikupime mwenyewe. Pita mlango wa nyuma kama kawaida, nitahakikisha wanafunzi hawapo. Na Mama usimwambie kwa sasa, presha yake unaijua.

Kuhusu mkutano, ratiba imeshachapishwa. Sentensi zako nimezitoa. Filamu sina mbadala wake. Uso wako hauonekani.

Kaka yako

*

19 Machi

Kaka,

Nilikuambia. Niliinua mkono.

Jumatatu nilikuja, lakini si kwako. Nilipanga foleni kwenye dirisha la mapokezi, nikaandikishwa kama watu wengine, nikakaa benchi. Mama mmoja pembeni yangu akaniuliza nimeumwa nini, nikamweleza, s zote zimelowa, na dunia haikuanguka. Nimepangiwa Konokono, Alhamisi ijayo. Mlango wa nyuma sitaki tena.

Kuhusu filamu: kinywa kile ni changu, na hukuwahi kuniomba. Sikuambii uifute. Nakuambia tu kwamba hukuniomba.

Dada yako

*

2 Aprili

Dada,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na mkutano.

Sehemu ya kwanza niliisoma kama nilivyoiandika. Nilisema ustadi wa mkono ni kitu kimoja na anachosema mgonjwa ni kingine, na kwamba mkono upimwe na wanaoujua mkono. Wakapiga makofi. Nikawasha filamu. Nilikuwa nimepanga kuikata kabla hujainua mkono. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, nikakiacha hapo. Mkono wako ukainuka, sauti yangu ikasema inachosema siku zote, na ukumbi mzima ukacheka.

Nami nikacheka. Sikukusudia. Uso umeshazoea kucheka pale. Nilijisikia nikicheka ndani ya kipaza sauti.

Ndipo nikasema, "Huyu ni dada yangu, na hakuwa akisalimia." Wakacheka tena, wakidhani bado natania. Ikabidi nirudie. Nikawaeleza umeme, ulimi, kazi yako, na kwamba nusu ya ulimi ule imekufa ganzi mpaka leo. Feni zilisikika.

Mwanafunzi wa kike, mmoja wa wale wa nyuma ambao huwa nawapita bila kuwauliza swali, akasimama. "Daktari, kabla ya upasuaji aliambiwa kwamba hilo linaweza kutokea?"

Nikasema hapana.

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nikasema, "Kwa sababu ni dada yangu." Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka, niliona haya kuliko nilivyowahi kuona tangu nizaliwe. Wageni kabisa huwa nawasomea hatari zote, angalau kwa haraka. Wewe nilikufanyia upendeleo, na upendeleo wenyewe ulikuwa kwamba hukuambiwa, hukuandikishwa, na baadaye hakuna aliyekuuliza.

Mkuu wa hospitali alinipa mkono akasema nimeonyesha ujasiri. Nikaupokea mkono wake. Wewe nikwambie ukweli: kama wasingecheka mara ya kwanza, ningeipita filamu ile, ningekaa chini, ningekuandikia kwamba niliitoa.

Barua yangu ya mwisho, ile ya "ungesema Novemba," naomba uichane. Nilikuwa natafuta wa kumbebesha.

Baada ya mkutano nilikwenda kwa muuguzi mkuu nikamwomba anisomee wagonjwa wangu walichomweleza. Sikuwahi kuomba, alama nilizitazama kama mtoto anavyotazama matokeo ya mtihani. Alinitazama kwanza, kisha akasoma bila kunipunguzia. Mmoja alisema, "Alikuwa anazungumza na wanafunzi, nikadhani kanisahau." Mwingine: "Fundi kweli, ila sirudi." Mzee mmoja alisema hakutaka kunisumbua. Nikamuuliza muuguzi kama jeraha la mzee yule lilipona. "Lilipona," akasema, "alilala njaa wiki mbili, lakini lilipona." Nikatoka nikakaa kwenye gari mpaka walinzi wakaja kuniuliza kama niko salama.

Filamu nimeifuta kwenye mafunzo. Jina langu nimeliondoa kwenye orodha ya wanaotaka ukuu wa idara, lakini hilo usilihesabu kama malipo, maana si malipo.

Nisamehe, dada yangu. Na niambie: unasikiaje? Tangu Oktoba sijakuuliza. Niandikie kama unavyokiandikia kikombe, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kaka

*

13 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Umeuliza, nakujibu.

Upande wa kushoto: mzima. Chumvi, sukari, uchungu, joto, vyote vipo. Ncha: kushoto ipo, kulia inakuja na kuondoka, kama redio yenye betri chovu. Upande wa kulia: ladha hakuna. Joto hakuna, juzi niliungua na uji, nikajua kwa kuona ngozi imebadilika. Kuguswa hakuna, isipokuwa sehemu moja nyuma, ndogo kama punje ya mchele, ambayo ikiguswa huchomachoma. Baridi inanitekenya, si vizuri. Nikichoka, maneno yanateleza. Usiku naota nakula na kila kitu kina ladha. Mwisho wa kikombe.

Konokono alinifumba macho akapitisha brashi, na kila mahali aliniuliza, "Hapa? Na hapa?" Ni kweli ni mwepesi kama mlima. Nilisinzia. Lakini ile punje ya mchele, yeye ndiye aliyeigundua, na alifurahi kama ameokota kitu, akaichora kwenye karatasi. Ameniandikia niende kwa mpasuaji wa mishipa ya fahamu kule mji mwingine, mwezi ujao. Hakuniahidi kitu. Nilimuuliza kama ningekuja mapema angesema nini. Akasema, "Ningesema yale yale, kwa sauti nyingine." Nikalia kidogo, akanisubiri.

Kazini nimesema. Nilimwendea Mzee wa Vikombe kabla hajaniita. Ameniondoa kwenye meza ya kuonja, sasa napokea mifuko ya sampuli kule ghalani na kuibandika namba. Chai zote nilizoonja tangu Oktoba zilizobaki akiba zinaonjwa upya na wengine. Nyingi zilishauzwa. Wanafunzi niliowafundisha wananisalimia kwa heshima mno, kama mtu aliyefiwa. Bado wananiita Kijiko. Mmoja alijiuma mdomo alipolitamka.

Mama nimemwambia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Lakini si alikutoa bure?" Kisha akakaa chini. Kisha akaniuliza kama wewe unakula vizuri. Ndivyo alivyo, usimpigie simu leo.

Ile barua yako ya Machi sikuichana. Sikuihifadhi kwa ubaya. Nimejaribu mara mbili na mikono imekataa, kwa sababu kuna jambo ndani yake ni la kweli: Novemba ningeweza kusema, na sikusema. Nililinda uso wako na wangu, na ulimi ukalipa. Hilo ni langu. Lakini usilichukue ukajifutia lako.

Umeomba msamaha. Nimeutafuta tangu barua yako ifike, asubuhi nikiwa ghalani na jioni nikiwa na shemeji yako, ambaye ana hasira kuliko mimi. Ningeweza kukuandikia kwamba nimekusamehe, na sentensi ingekuwa nzuri, nawe ungelala. Nimeshakuandikia sentensi nzuri mara moja.

Leo sina. Mwezi ujao niulize tena.

Dada yako